Waya Ulioushika Gehandu

Paskalina mwanangu,

Salamu siandiki, tumeshasalimiana asubuhi mlipokuwa mnatoka na mama yako kwenda Maretadu kumuaga shangazi. Mtarudi jioni mmechoka, mmebeba debe la maharage ambalo shangazi yako atakulazimisha uende nalo Dar es Salaam, kana kwamba huko watu hawali. Nimebaki na ng'ombe mmoja na kalamu. Nataka niwe nimemaliza kabla hamjafika.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakwambia ukae upande gani wa basi na usile nini njiani. Kazi unayokwenda kuifanya nayo sikufundishi, maana sasa unaijua kunishinda. Utakaa mjini utunze kompyuta zilizo mbali, nyingine hutaziona kwa macho maisha yako yote. Mimi niliifanya kazi hiyo kwa kiasi changu, na nina jambo moja tu la kukwambia kuhusu hiyo kazi, ambalo ni jambo kuhusu mimi.

Nilipanga kukwambia kwa mdomo. Juzi nikaanza na mama yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameshika sufuria mkononi, akasema, "Mwandikie. Ukimwambia kwa mdomo utaanza kujitetea." Tangu juzi hajanisemesha zaidi ya kuniambia chakula tayari.

Basi jambo lenyewe ni hili. Mdogo wako Danieli hakufa kwa sababu ulichomoa waya wa mashine pale zahanati ya Gehandu. Mashine ile niliizima mimi. Niliizima siku moja kabla, nikiwa hapa Mbulu, na nimejua hivyo kwa miaka kumi na saba.

Ukitaka kuishia hapo, ishia. Sitakulaumu. Ila ningependa uyajue yote, kwa sababu ulichoambiwa ni nusu, na nusu yenyewe imepinda.

Mwezi uliopita ulipopata kazi ulikaa kizingitini ukaniambia, "Baba, unajua nimesoma haya mambo kwa ajili ya Danieli. Nilitaka nikijue kile kitu nilichokiharibu." Ulisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesema kesho atafua. Nikakujibu Mungu akubariki, nikatoka kwenda kumfunga ng'ombe ambaye alikuwa ameshafungwa. Nilisimama kule zizini mpaka ukaniita nije kula. Toka siku hiyo sijalala vizuri, na haki yangu.

Ulikuwa na miaka sita, kwa hiyo nianzie mwanzo. Nilikuwa fundi wa mradi uliounganisha zahanati za vijijini na hospitali. Kila zahanati ilikuwa na mashine ndogo kwenye chumba cha nyuma, antena juu ya paa, betri ya sola chini ya meza. Nesi akipata mgonjwa aliyemzidi uwezo, anaandika ujumbe kwenye kompyuta yake, ujumbe unapitia ile mashine ya nyuma, unarushwa na antena, hospitali wanatuma gari. Simu za mkononi hazikushika pale zahanati. Ilibidi upande kilima cha nyuma ya shule, na mvua ikichachamaa hata kilima hakikusaidia.

Mashine ya Gehandu ilikuwa mikononi mwa babu yako, baba yake mama yako. Boma lake lilipakana na zahanati, na kijiji kizima kilimwamini, wakampa ufunguo wa chumba. Mimi nikabandika karatasi mlangoni: USIGUSE. Nikamwambia, "Baba, hii mashine asiiguse mtu, hata nesi, hata mwenyekiti." Mzee alilishika neno hilo kama amri ya serikali. Hata kuku hakupita mlango ule.

Sasa, antena ya Gehandu ilikuwa inakatikakatika. Asubuhi ipo, mchana haipo. Nilichunguza nikakuta tatizo liko kwenye kerneli. Mama yako aliwahi kuniuliza kerneli ni kitu gani, nikamwambia ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, ndiyo inayoongea na vyuma vyote, na ikianguka yenyewe hakuna mwingine ndani ya kuinua. Akasema, "Kumbe ni kama mama akiugua nyumbani." Nilicheka, lakini sijapata maelezo mazuri kuliko hayo mpaka leo.

Niliitengeneza kerneli mpya yenye marekebisho. Nikaijaribu hapa Mbulu, kwenye mashine iliyofanana na ile, ikakaa mezani siku tatu inafanya kazi bila kutetereka. Hapo nilifanya vizuri. Nijisifu kidogo, maana huko mbele sifa hazipo.

Mkubwa wangu wa kazi aliniambia, "Subiri Jumamosi. Si unakwenda ukweni? Ifanyie huko huko ukiwa umekaa nayo, ikigoma unaichomoa." Lilikuwa neno la busara na nilikuwa nalijua. Mama yako alikuwa Gehandu wiki ya tatu hiyo, amempeleka Danieli bibi na babu wamwone, na wewe ulikuwa nao. Danieli alikuwa na miezi mitano. Nilikuwa nimeambiwa ameanza kucheka kwa sauti, na mimi sijamsikia.

Jumamosi yangu nilitaka kumshika Danieli. Sikutaka kuitumia ndani ya chumba chenye harufu ya popo, nikikodolea kioo huku ninyi mko nje mnakunywa maziwa. Ndiyo maana niliifanya Alhamisi, kutoka Mbulu. Watu wakikuuliza kwa nini mafundi hukosea, usiwaambie ni uvivu. Mara nyingi ni hamu ya kuwahi nyumbani.

Utaelewa nilichofanya kuliko mtu yeyote atakayewahi kusoma karatasi hii. Niliiagiza mashine ijaribu kerneli mpya mara moja tu. Ikizimwa na kuwashwa tena, irudi yenyewe kwenye ile ya zamani. Kinga nzuri hiyo, hata wewe utaitumia. Lakini kerneli mpya ikiganda, kinga hiyo inamngoja mtu wa kuchomoa waya na kuurudisha. Kulikuwa na njia ya kutomhitaji mtu huyo: unaweka kipima muda ndani ya mashine, ikikaa kimya dakika kadhaa inajizima na kujiwasha yenyewe. Kukiweka na kukihakikisha kungenichukua alasiri nyingine nzima. Nikajiambia, siku tatu mezani haikuganda hata mara moja. Nikakiacha.

Jioni ile, saa kumi na kidogo, nikatoa amri iwake upya. Unazijua zile dakika, umeshakaa kwenye kiti kile. Ya kwanza unasubiri kwa raha. Ya tatu unasema mashine za shamba ni nzito. Ya kumi unaandika anwani yake tena na tena. Ile mashine haikurudi. Baadaye nilikuja kugundua kwamba kadi ya redio ya Gehandu na ile ya mezani kwangu zilikuwa na jina moja nje, ndani ni vitu viwili tofauti. Nilijaribu kwenye mashine pacha, kumbe pacha mwenyewe hakuwa pacha.

Haya, kosa hilo fundi husamehewa. Ningeishia hapo nisingekuwa naandika leo.

Saa kumi na moja simu yangu ikaita. Babu yako. Unakumbuka alikuwa na desturi kila Alhamisi ya kupanda kilima na kuwapigia wanawe na wakwe zake, mmoja mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kukatiza salamu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hamjambo huko juu?"

"Hatujambo baba. Ninyi huko?"

"Sisi wazima. Mvua inakuja kubwa, naiona upande wa mlima. Yule ng'ombe mwekundu amezaa. Mtoto anakohoa kidogo, nesi amempa dawa." Halafu akauliza, "Na mashine yako haijambo?"

Nikasema, "Haijambo, baba."

Mwanangu, neno hilo moja nimelibeba kuliko mzigo wowote niliowahi kubeba. Yule mzee alikuwa na ufunguo kiunoni. Akishuka kilima ni mwendo wa nusu saa mpaka mlango wa chumba. Ningemwambia chomoa waya, hesabu mpaka kumi, rudisha, kerneli ya zamani ingerudi kabla giza halijaingia.

Kwetu mkwe hatumwi. Unajua hilo, umelelewa nalo. Huwezi kumwambia baba wa mke wako nenda kafanye hivi ukishamaliza fanya hivi, kama unamtuma mtoto chumvi. Lakini nikijificha nyuma ya mila nitakuwa nakudanganya mara ya pili. Mila ina milango yake. Ningesema "Baba, nimekwama, naomba unisaidie," na yule mzee angeshuka kilima mbio na magoti yake mabovu. Kilichonifunga mdomo ni aibu. Nilipokwenda kuposa aliuliza kijana huyu analima nini, akajibiwa kwamba halimi, anakaa mbele ya kioo. Alikohoa tu. Nilitumia miaka saba kumwonyesha kwamba kioo nacho ni kazi, mpaka akaniamini, mpaka akakubali kulinda mlango wa kioo changu. Sikuweza kumwambia kioo kimenishinda.

Nikasema moyoni, kesho alfajiri nitakwenda na pikipiki, nitaingia chumbani, dakika mbili, nitatoka nikitabasamu. Hakuna atakayejua.

Usiku ule mvua ilinyesha kama imetumwa. Nilitoka Mbulu bado giza, nikapita Dongobesh, na kule chini korongo lilikuwa limejaa nikakaa ukingoni zaidi ya saa mbili nikiyatazama maji. Sikujua chochote. Nilikuwa nawaza uongo wa kumwambia babu yako kwa nini nimekuja Ijumaa.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na nesi Veronika, kwa hiyo nakuandikia kama alivyosema. Usiku kifua cha Danieli kilibana. Kulipopambazuka mama yako alimfikisha zahanati, na wewe ulifuata nyuma umeshika kanga yake. Nesi alimpa alichokuwa nacho, akaona hakitoshi, akaandika ujumbe wa kuomba gari. Haukwenda. Akadhani ni kule kukatika kwa kila siku, akangoja. Akazima na kuwasha kompyuta yake mwenyewe, akangoja tena. Babu yako akapanda kilima kwenye mvua, hakuna mtandao, akashuka. Akafungua chumba cha nyuma, akakuta taa ya mashine inawaka. Akasema mashine nzima, haina neno, maana mimi nilimwambia haijambo. Akamfuata nesi kushauriana, akaacha mlango wazi.

Hapo ndipo ulipoingia. Babu aliporudi alikukuta umeshika waya mkononi, umechomolewa. Akakupiga kofi. Akaurudisha yeye mwenyewe, na baada ya muda kidogo nesi akapiga kelele kule mbele kwamba ujumbe umekwenda. Kila mtu akaunganisha: waya ulikuwa umechomolewa, umerudishwa, mashine imepona. Kwa hiyo mtoto ndiye aliyeuchomoa tangu asubuhi.

Gari lilikuja na tope mpaka madirishani, likamchukua Danieli na mama yako. Mimi nilifika limeshaondoka. Ulikuwa umekaa chini ya upenu wa zahanati, shavu limevimba, hukunikimbilia kama ulivyozoea. Nilikupita. Niliingia chumbani nikaketi, nikafungua kumbukumbu za mashine, zile zinazoandika kila kitu na saa yake. Nilisoma mara tatu. Mashine ilikuwa imekufa tangu Alhamisi jioni kwa amri yangu. Asubuhi ile hakuna mtu aliyeiharibu. Kilichoifufua ni mtu kuchomoa waya na kuurudisha.

Soma tena hapo, mwanangu, taratibu. Kitu walichokupigia ndicho kitu pekee cha maana kilichofanyika siku ile. Watu wazima wote walikuwa wamesimama na akili zao. Gari lile lilikuja kwa sababu yako.

Nilikuwa bado kwenye kiti niliposikia gari limerudi. Mama yako alishuka amekumbatia shuka. Danieli aliishia njiani, hawakufika hospitali kule Katesh. Sitaandika zaidi juu ya hilo, ulikuwepo, uliona.

Je, gari lingekuja mapema angepona? Sijui. Daktari aliniambia kifua cha mtoto mdogo kikishafika pale, ni Mungu. Huenda alitaka kunifariji. Nimejiuliza swali hilo kila siku na halina jibu, na wewe nakuomba usianze kulibeba, maana halikuwa lako tangu mwanzo.

Jioni ile watu walikuwa wamejaa uwanjani kwa babu. Mzee alisimama mbele yangu, amevunjika, macho mekundu. Akaniuliza mbele ya wote, "Fundi, ni mtoto, sivyo? Ni ule waya."

Nikasema, "Waya ulichomolewa."

Sikuongeza neno. Lilikuwa neno la kweli, waya ulichomolewa. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule. Na wewe ulikuwa pale, umesimama nyuma ya bibi yako, ukaniangalia. Ulijua nafahamu mashine kuliko mtu yeyote duniani, na baba yako akisema ni waya, basi ni waya. Nikageuza uso.

Nilijiambia nitasema wiki ijayo, wakishatulia. Halafu nikasema baada ya arobaini. Halafu nikaona umeanza shule, unacheza, nikasema mtoto amesahau, ya nini kufukua. Nilikuwa nikikuangalia unavyoingia ofisini kwangu umefunga mikono nyuma, unaniuliza, "Baba, niguse?" Kibodi tu. Mpaka leo una shahada na bado unauliza kabla ya kugusa. Wenzangu walikusifu, wakasema mtoto ana adabu. Na mimi nilikubali sifa hiyo, nikatikisa kichwa.

Mama yako hakuwahi kukulaumu kwa mdomo. Lakini ile miaka ya kwanza alikuwa akikusuka nywele bila kuongea, na wewe ulikaa kimya mpaka anamaliza. Juzi nilipomwambia, nilidhani atalia kwa ajili ya Danieli. Alisema, "Zile nywele." Akaenda kukaa jikoni peke yake. Ana mzigo wake sasa na mimi ndiye niliyemtwika, kwa hiyo akikushika sana kesho pale stendi, mwache akushike.

Babu yako nilimwambia. Ndiyo, mtu wa kwanza alikuwa yeye, mwaka juzi alipolazwa na tukajua hatoki. Nilimsimulia yote nikiwa nimeinama.

"Siku ile nilikuwa nawe kwenye simu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nilikuuliza mashine."

"Ndiyo, baba."

"Ungenituma."

Hakusema kwa hasira. Ningemshukuru angekasirika. Halafu akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua, na nesi naye hakukijua. Alisema alipokukamata na waya ulikuwa unahesabu. Ulikuwa umefika saba. Alipokupiga ulilia ukasema, "Baba hufanya hivi." Akakupiga tena kwa kusema uongo.

Uliniona hapa nyumbani, Paskalina. Uliniona mara ngapi nikichomoa mashine iliyoganda, nikihesabu mpaka kumi kwa sauti ili ucheke, nikirudisha? Ulikwenda kufanya alichofanya baba yako, kwa sababu mdogo wako alikuwa anaumwa na baba hakuwepo. Ulisema wazi ulichokuwa unafanya. Hakuna aliyekusikia, na mtu pekee ambaye angekuelewa alikuwa ukingoni mwa korongo akitunga uongo.

Mzee akasema, "Mwambie mtoto. Mwambie babu yake amekosa." Akafa baada ya siku nane. Kwenye msiba ulikaa jikoni na wapishi kutwa nzima, kama mgeni, hukuja mbele na wajukuu wenzako, na nilijua kwa nini. Hata hapo sikusema. Miaka miwili nimekaa na salamu ya marehemu mfukoni. Hiyo nayo niwekee kwenye hesabu yangu.

Unakwenda kwenye kazi ambayo siku moja itakukosesha usingizi. Utaigusa mashine ya mbali, haitarudi. Najua utaweka kile kipima muda, najua utajaribu kwanza pembeni, wewe ni makini, nimekufanya uwe makini kwa njia mbaya. Mimi nilichojifunza hakimo kwenye vitabu vyenu. Kabla sijagusa kitu cha mbali sasa, huuliza nani yuko karibu nacho, na kama ninaweza kumpigia na kusema nimekosea. Nikiona mdomo unakuwa mzito, siigusi. Nimekataa kazi kadhaa kwa sababu hiyo na watu wameniita mwoga. Waache waniite.

Na ukikosea, sema saa ile ile, hata kama anayekusikiliza ni mtu unayetaka akuheshimu. Neno la saa kumi na moja jioni lingeniaibisha siku moja. Sikulisema, na wewe ukaaibika miaka kumi na saba.

Bibi yako bado anasimulia. Wageni wakija Gehandu wakiuliza watoto wa binti yake, husema mmoja alikufa, dada yake alichezea waya. Hasemi kwa ubaya, ni mzee, ndivyo anavyokumbuka. Jumapili baada ya ibada nitakwenda kwake. Nimeshamwomba mjomba wako awaite wote waliokuwepo siku ile na bado wako hai, pamoja na nesi Veronika ambaye amestaafu. Nitasimama uwanjani pale pale nilipoulizwa, nijibu swali upya. Wakinifukuza, nitakuwa nimestahili. Sikuombi unisamehe, kwa sababu nikiomba utanipa, wewe ndivyo ulivyo, na nitakuwa nimekunyang'anya kitu kingine.

Nasikia mbwa anabweka, labda ndio ninyi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Sikutaka uniamini kwa maneno, nimeshakudanganya kwa maneno ya kweli. Ni kumbukumbu za mashine ya Gehandu, niliziprinti wiki ile ile, nikazificha ndani ya sanduku la vyeti. Ndiyo, nilikuwa nazo muda wote. Kila nilipofungua sanduku kutafuta cheti chako cha kuzaliwa, cha darasa la saba, cha kidato cha nne, nilikuwa naishika hiyo karatasi kwanza ndipo nakipata chako.

Wewe unajua kuzisoma, sitakufasiria sana. Mstari wa juu ni Alhamisi, 16:04, amri ya kuwasha upya, na jina la mtumiaji ni langu. Baada ya hapo hakuna kitu, usiku mzima, hakuna kitu. Halafu Ijumaa, 09:12, mashine inaamka. 09:13, ujumbe wa nesi unaondoka kwenda kuita gari. Kwenye ile nafasi nyeupe katikati watu wote tulikuwepo, na aliyefanya kitu ni wewe.

Baba yako